Kuhama Dar na watoto wadogo: namna ya kuchagua mji

Wazazi wengi wanaotaka kuondoka Dar es Salaam huanza kwa kuuliza, "Mji gani ni mzuri?" Swali hilo halijibiki. Mji unaomfaa kijana anayetafuta fremu ya biashara si lazima umfae mama mwenye mtoto wa miaka mitatu mgongoni. Uliza hivi: katika watoto wangu, ni yupi ambaye mambo yakiharibika kidogo tu ataumia wa kwanza? Andika jina lake juu ya karatasi, halafu mengine yote yapime kwa kumtazama yeye.

Sisi tulikuwa tunakaa Kivule, pembezoni mwa Dar. Mume wangu ni fundi wa friji na viyoyozi, na mimi natunza hesabu za maduka madogo, kazi ambayo siku hizi naifanya kwa simu na kompyuta mpakato. Watoto ni watatu: wa kwanza alikuwa darasa la pili, wa pili awali, na wa mwisho ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Huyo wa mwisho ndiye aliyekaa juu ya karatasi yetu. Mahali panapomfaa yeye, kaka na dada yake hawatashindwa kuishi. Lakini zipo sehemu nyingi za kuwafaa wao ambako yeye angekuwa mtu wa kulazwa kila mara. Kwako huenda ni mtoto mwenye pumu, au aliyezaliwa njiti, au asiyesikia vizuri na anahitaji shule yenye mwalimu wa elimu maalumu. Kama wote ni wazima, mchukue mdogo kuliko wote, maana ndiye atakayekunywa maji ya huko na kuumwa na mbu wa huko kwa miaka mingi zaidi.

Sababu ya kuhama nayo iandike, usije ukaibeba hadi huko uendako. Yetu ilikuwa barabara. Basi la shule lilimpitia mkubwa saa kumi na moja alfajiri, likamrudisha jua linazama, amesinzia kitini, mkoba kaukumbatia. Kliniki ya mdogo ilikuwa Muhimbili, na kutoka Kivule hadi Upanga asubuhi ya mvua, na mtoto analia mifupa, ni safari nisiyomtakia mzazi yeyote. Kwa hiyo tulijua tunatafuta nini: mji ambao nyumba, shule na hospitali ya rufaa vinakaa ndani ya nusu saa. Miji yenye watu kati ya laki mbili na laki nane inaweza kukupa hilo. Kwa sensa ya 2022, Dar ilikuwa na watu zaidi ya milioni 5.3, wakati Manispaa ya Moshi ilikuwa na laki mbili na kidogo, Manispaa ya Morogoro kama laki nne na elfu sabini, na Jiji la Dodoma zaidi ya laki saba na nusu.

Anza na yale ambayo pesa haiyarekebishi

Piga mstari katikati ya karatasi. Upande mmoja weka mambo ambayo ukipata pesa utayarekebisha: nyumba yenye uzio, usafiri wa shule, tenki la maji, friji ya pili. Upande wa pili weka yale ambayo hata ukipata pesa yatabaki palepale: mbu waliopo, baridi, kilichomo ndani ya maji, umbali wa hospitali kubwa. Watu wengi huanza na upande wa kwanza kwa sababu ndio unaopendeza kwenye picha. Anza na wa pili, na mji unaoanguka hapo uufute, hata kama una shangazi huko.

Sisi tulianza na Morogoro, Tanga, Moshi, Iringa na Dodoma. Ndugu wakatuongezea Mbeya na Arusha.

Malaria ndiyo tuliyoitazama kwanza, kwa sababu kwa mtoto wa selimundu malaria inashusha damu kwa kasi ya kutisha. Nchi yetu haiko sawa kwa malaria. Tafiti za kitaifa zimekuwa zikionyesha maambukizi ya chini kabisa katika mikoa kama Dodoma, Arusha, Kilimanjaro na Manyara, huku Tabora, Kigoma, Geita na ile ya kusini kama Mtwara ikiwa juu. Morogoro haiko pabaya kama huko, lakini mbu wake si wa kubeza. Ilituuma kuifuta. Mji kasoro bahari una milima ya Uluguru juu ya kichwa chako, mboga na matunda ya bei nafuu, chuo cha Sokoine, na treni ya SGR inayokufikisha Dar chini ya saa mbili. Mzazi mwenye watoto wazima ambaye bado ana kazi ya kwenda Dar mara kwa mara aiweke Morogoro namba moja, anunue vyandarua na avitumie kweli. Sisi tulishindwa kwa sababu moja tu, na sababu hiyo kwetu ilitosha.

Baridi iliondoa Mbeya na Iringa. Mbeya mwezi Juni na Julai usiku unashuka chini ya nyuzi 10, na baridi ni moja ya vitu vinavyoamsha maumivu kwa wenye selimundu. Kwa familia nyingine ningeisifu miji hiyo miwili mchana kutwa: mchele, viazi, maharage na ndizi havina mashaka Mbeya, na Iringa ni mji wa miguu, ambapo mtoto wa darasa la tatu anaweza kwenda shule na wenzake bila wewe kushika roho mkononi.

Tanga haikutusumbua kwa baridi, ilitusumbua kwa mbu na unyevu. Ila niseme wazi, kwa watoto wasio na tatizo la kiafya, Tanga ni mji ambao watu wa Dar wanaudharau bila sababu. Ni tambarare, watu wanaendesha baiskeli, mamlaka ya maji ina sifa nzuri, na bahari ipo kwa wale wasioweza kuishi mbali nayo.

Maji: uliza yana nini, halafu uliza yanatoka lini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona wazazi wakihama bila kuuliza swali hili hata mara moja.

Kuna maeneo ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida ambako maji ya ardhini yana floridi nyingi. Floridi haina rangi wala harufu, na maji yake unaweza kuyaona matamu kabisa. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na viko visima vinavyozidi hapo mara kadhaa. Inamdhuru zaidi mtoto kuliko mtu mzima, maana meno ya ukubwani yanajengwa ndani ya fizi tangu utotoni hadi karibu miaka minane. Mtoto akinywa maji hayo katika umri huo, meno yanaota na mabaka ya kahawia ambayo hayasuguliki yakatoka. Ikizidi sana na kwa miaka mingi, mifupa nayo inaumia. Na kuchemsha hakusaidii. Maji yakichemka yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki sufuriani. Magadi ya kupikia maharage katika maeneo hayo nayo huongeza.

Kwa hiyo usiridhike na "maji yetu masafi." Nenda ofisi ya mamlaka ya maji ya mji huo, uliza bomba la mtaa unaoutaka linalishwa na chanzo gani, na omba kuona majibu ya vipimo. Mji wa Moshi, kwa mfano, unapata sehemu kubwa ya maji yake kutoka chemchemi za Nsere na Shiri, na hayo ni maji ya kujivunia. Lakini ukipanga nje kidogo kwenye nyumba yenye kisima cha mwenye nyumba, uko peke yako, na majibu ya vipimo vya mamlaka hayakuhusu. Arusha hivyo hivyo: mradi mkubwa wa maji wa jiji umesaidia sana, ila kisima cha mtu binafsi si sehemu ya mradi.

Dodoma tatizo lake ni jingine, ni uchache. Ni nchi kame, mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na mji umekua upesi tangu Serikali ilipotangaza kuhamia mwaka 2016, kuliko mabomba yalivyoweza kuukimbiza. Visima vya Mzakwe ndivyo vimeubeba mji kwa miongo mingi. Mgao upo. Visima vingine vya mitaani vina chumvi inayobaki ulimini. Kwa mtoto wetu hili si jambo dogo, maana mwili ukikauka maumivu yanakuja, na daktari wetu hakuchoka kusema: anywe maji kabla hajasikia kiu. Lakini uchache wa maji uko upande ule wa karatasi unaorekebishwa kwa pesa. Tenki la lita elfu mbili juu ya mnara, madumu ya akiba, ratiba ya mgao ukutani. Mbu wa malaria huwezi kumnunulia tenki. Ndiyo maana Dodoma ilibaki.

Hospitali ikague kwa miguu yako

Arusha nayo tuliiacha, tukabaki na Moshi na Dodoma. Moshi ina KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda inayofanya kazi tangu 1971, na katika mji mdogo kama ule kuifikia ni dakika chache. Dodoma ina Hospitali ya Benjamin Mkapa, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, ambayo ilianza kutoa huduma mwaka 2015 na mwaka 2023 ikaanza kupandikiza uroto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) kwa watoto wenye selimundu. Hatukuhama ili mtoto apandikizwe. Hilo ni jambo la vipimo vya ndugu na maamuzi marefu. Lakini hospitali inayofanya kazi hiyo lazima iwe na madaktari wa damu, maabara nzuri, na manesi waliozoea kumwona mtoto wa namna hii, na hao ndio tunaowahitaji siku za kawaida.

Jina la hospitali halikuambii kila kitu. Ukifika, uliza mambo haya ana kwa ana: daktari wa watoto yupo usiku na Jumapili, au anaitwa kutoka nyumbani? Kliniki ya ugonjwa wa mwanangu ni siku gani? Damu ikihitajika inapatikana hapa au ndugu wanatafutwa? Bima yangu inapokelewa, na inalipia dawa hii? Kisha toka nje, ingia maduka ya dawa yaliyo karibu na geti, na uliza dawa ya mtoto kwa jina. Sisi tuliuliza haidroksiyurea, dozi ya watoto. Muuza dawa akikwambia bila kuinuka "ipo, unataka ya miligramu ngapi?" umepata jibu lako. Akikutazama kana kwamba umetaja mboga ya ng'ambo, andika hilo pia. Mwenye mtoto wa pumu aulize pampu, mwenye mtoto wa kifafa aulize vidonge vyake.

Halafu ipime njia usiku. Tulikuwa tumefikia nyumba ya wageni Ilazo, mtaa wa Dodoma. Saa nane usiku mume wangu alitoka kutafuta bajaji, tukapanda wote na mtoto amefunikwa kanga, tukamwambia dereva atupeleke hadi geti la dharura. Kijana akaondoka kwa kasi. Katikati ya njia akageuka, "Dada, mgonjwa ana hali gani?" Nikamwambia, "Hakuna mgonjwa kaka, tunahamia huku, tunaipima njia." Akapunguza mwendo, na kuanzia hapo akawa mwalimu wetu. Akatuonyesha korongo ambalo mvua za Januari zikinyesha halivukiki, na njia ya kuzungukia juu. Akatuambia mitaa ambayo ukipiga simu usiku bajaji wanakuja, na ile ambayo watakwambia wako mbali. Hakuna ofisi ambayo ingetupa habari hizo. Namba yake ndiyo ya kwanza niliyoihifadhi kwa jina la mji.

Kilichoamua kati ya Moshi na Dodoma ni bibi. Mama yangu yuko Mbagala, na kila mtoto akilazwa yeye ndiye anayekuja kukaa na hawa wakubwa. Basi la Moshi linamchukua mchana mzima, na magoti yake hayataki tena. Treni ya umeme ilianza safari za Dodoma katikati ya 2024, inatumia kama saa tatu na nusu hadi nne, na nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa mwaka huo ilikuwa Sh 31,000, watoto wa miaka minne hadi 12 wakilipa nusu. Akipigiwa simu asubuhi, jioni yuko jikoni kwangu. Mtu wa kukushikia watoto ni sehemu ya mji. Mwandike kwenye karatasi kama unavyoandika hospitali, na kama huna mtu wa namna hiyo, uliza mapema vituo vya kulelea watoto mchana vilivyosajiliwa, siyo baada ya kuhama.

Shule

Matokeo ya darasa la nne na la saba yanatolewa na NECTA shule kwa shule, na yeyote anaweza kuyafungua kwenye simu. Usitazame wastani peke yake. Tazama idadi ya watahiniwa, kisha uende shuleni uhesabu mikondo ya darasa hilo. Watahiniwa 240 katika mikondo miwili maana yake mwanao atakuwa mmoja kati ya watoto 120 mbele ya mwalimu mmoja. Dodoma, kwa sababu ya watu wengi waliohamia, tofauti kati ya shule na shule ndani ya kata moja ni kubwa. Hesabu matundu ya vyoo. Tazama kama bomba linatoa maji siku uliyokwenda. Simama getini saa ya kutoka uone watoto wanavuka barabara ipi.

Kwa shule za binafsi za mchepuo wa Kiingereza, swali la kwanza ni hili: basi linamchukua mtoto wa kwanza saa ngapi, na mwanangu atakuwa wa ngapi kupandishwa? Kama jibu ni saa kumi na moja na nusu, umehama na tatizo lako. Tangu 2023 Serikali imezuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa hiyo mtu asikushawishi kwamba bweni litamaliza habari ya usafiri.

Mwalimu mkuu ni muhimu kuliko rangi za ukuta. Sisi tulikuwa na ombi moja kwa kila shule, kwa ajili ya mdogo atakapofika umri: awe na chupa ya maji mezani muda wote, na aruhusiwe kwenda chooni kila anapoomba. Shule moja yenye majengo ya kuvutia ilitujibu kwamba utaratibu ni mapumziko ya saa nne, hakuna mtoto anayetoka katikati ya kipindi. Tuliaga kwa heshima. Katika shule ya serikali, umbali wa kutembea kutoka nyumba tuliyokuwa tunaiwazia, mwalimu mkuu alichukua daftari. "Mama, niambie dalili ni zipi, nataka walimu wa zamu nao wazijue." Nikamtajia: macho kuwa ya manjano kuliko kawaida, kushika tumbo, kukataa kutembea, homa. Akaandika yote, akauliza na namba ya simu ya pili endapo yangu haipatikani. Hapo ndipo wakubwa wanaposoma sasa.

Uhamisho wenyewe hauna ugumu ukianza mapema. Omba kwanza nafasi katika shule mpya, kisha mwalimu mkuu wa shule ya zamani aanzishe uhamisho kwa namba ya PReM ya mtoto, yaani namba yake ya utambulisho katika mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi. Iandike namba hiyo mahali, usiiache kwenye faili la shule peke yake. Kwa wanaoanza awali au darasa la kwanza, mwaka wa masomo unaanza Januari na uandikishaji huanza miezi michache kabla, kwa kawaida Oktoba. Beba cheti cha kuzaliwa. Wengi hukwama hapo.

Riziki

Sitaandika marefu hapa, kila nyumba inajua yake. Mji mdogo una wateja wachache, na fundi mgeni hapati kazi wiki ya kwanza. Hesabu hivi: kodi ya miezi sita ambayo mwenye nyumba ataitaka kwa mkupuo, mwezi mmoja wa dalali, kenta la mizigo, tenki na mnara wake, sare na michango ya shule, na juu yake chakula cha miezi mitatu kana kwamba hakuna hata shilingi itakayoingia. Kama huna kiasi hicho, subiri ukipate. Kwetu kazi ya mume wangu ilisaidia kuipitisha Dodoma, maana ofisi mpya na nyumba za wageni zote zina viyoyozi, na kuanzia Septemba joto likipanda simu inalia. Mwenye kazi ya shamba au usindikaji angepata jibu tofauti na letu, na mtumishi wa umma asifunge mzigo kabla barua ya uhamisho haijatoka.

Nenda ukaukague mji ukiwa katika hali yake mbaya

Kila mji una miezi yake ya kujipamba. Usiende wakati huo. Dodoma nenda Oktoba au Novemba, vumbi linapanda, jua liko nyuzi 30 na ushee, na maji ya mgao ndiyo machache, au Januari uone makorongo. Moshi na Arusha nenda Aprili, masika yakiwa yamekolea. Mbeya na Iringa nenda Julai. Na Dodoma usiende kati ya Aprili na mwisho wa Juni, Bunge la bajeti likiwa limekaa, maana nyumba za wageni hujaa na bei si ya mtu wa kawaida.

Usilale mjini kati. Lala kwenye mtaa unaofikiria kuupanga, na kama mtoto mwenye jina juu ya karatasi anaweza kusafiri, mchukue. Sisi tulimchukua. Tuliona kwamba mchana wa Dodoma unamkausha midomo kuliko Dar ingawa hatoki jasho, kwa sababu hewa ni kavu, na kwamba jioni upepo ukianza anahitaji sweta wakati sisi bado tuko na fulana. Mambo hayo ungeyasoma mahali usingeyaamini.

Kuhusu mtaa, ongea na mama wa genge. Nunua nyanya, msalimie vizuri, kaa kwenye kigoda. Niliuliza maswali yangu kwa mama mmoja Mgogo mwenye genge karibu na tulikofikia. "Shikamoo mama, maji hapa yanatoka siku gani?" "Marahaba mwanangu. Yanatoka Jumanne na Ijumaa usiku, ukilala umeyakosa." Dalali alikuwa ametuambia yanatoka kila siku. Baada yake nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, uulize kama kiwanja kimepimwa, kama nyumba ina mgogoro, na zahanati ya chanjo iko wapi.

Kwenye nyumba yenyewe, kabla ya kutazama vigae fanya haya: fungua bomba la chini na la juu. Uliza kama LUKU ni yako peke yako au mnachangia na nyumba ya uani. Tafuta alama ya maji ya mafuriko kwenye ukuta wa nje, ni mstari wa udongo unaokwenda sawa. Tazama madirisha kama yana wavu mzima. Kadiria hatua za mtoto kutoka mlangoni hadi barabara ya magari. Dodoma tuliangalia Ilazo, Kisasa, Nzuguni na Iyumbu. Nzuguni iko karibu na stendi kuu ya mabasi na soko la Job Ndugai, Iyumbu iko karibu na hospitali na chuo. Kodi ya Iyumbu ilizidi kidogo tuliyopanga, tukakata kwenye ukubwa wa nyumba. Vyumba viwili na sebule, watoto wanalala pamoja, na hospitali iko jirani.

Kuhama kwenyewe

Hama Desemba, shule zikishafunga, upate wiki chache za kuzoea kabla ya Januari. Kadi za kliniki za watoto zisiingie kwenye kenta, zikae mkobani mwako pamoja na vyeti. Chanjo ya surua na rubela ni ya miezi tisa na ya pili miezi 18. Kama mtoto anaikaribia mojawapo, mpeleke kabla ya safari au wiki mkifika.

Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu, omba barua ya rufaa kutoka kliniki ya zamani na dawa za miezi miwili. Mwombe daktari aandike kwa mkono wake mambo haya: kundi la damu, dawa na dozi, mara alizoongezewa damu, na kiwango cha damu ambacho kwa mtoto huyu ni cha kawaida akiwa mzima. Hilo la mwisho wazazi wa watoto wa selimundu msilisahau. Mtoto wangu akiwa mzima kabisa na anacheza, damu yake iko chini ya watoto wengine. Daktari mgeni asiyejua hilo, usiku, na mtoto ana homa, anaweza kuona namba kwenye karatasi ya maabara akaagiza aongezewe damu ambayo hakuihitaji, au akapoteza saa nzima akitafuta damu wakati shida iko kwenye maambukizi. Toa nakala tatu: moja mkobani, moja kwa mwalimu mkuu, moja kwa bibi. Na siku mbili za kwanza baada ya kufika, mabegi yakiwa bado hayajafunguliwa, mpeleke hospitali akiwa mzima, afunguliwe faili, apimwe, na wamwone anavyokuwa siku ambayo haumwi.